Komite ya Kulinda Kole

Jumatatu asubuhi, kahawa ya Maman Chadia haijachemka bado, Kasonde alifika mbio. Pale Makomeno, kwenye benchi iliyo mbele ya meza ya fundi viatu Yuma, Kasonde tunamwita Radio, na siku ile alikuwa na habari nzito.

"Kwisha! Makamyo iko imejaa ku mupaka, foleni haitembee! Kole haitaingia mu Lubumbashi wiki tatu!"

Sote tukamgeukia Yuma. Yeye tunamwita Docteur, kwa sababu kila kiatu anachopokea anakitikisia kichwa na kusema, "Ungechelewa, tungekipoteza." Docteur alivuta kopo lake la gundi, ile kole ya manjano ya kubandika soli. Lilikuwa nusu.

Mzee Paulin alisimama. Huyu ni Chef de Gare, mstaafu wa reli, hasemi kama hajanyoosha koti kwanza.

"Docteur, ile bilato yangu nyeusi?"

"Chef, viatu yako iko inangoja soli. Ndugu yangu Donat ataileta Ijumaa kutoka Kambove."

"Na Posho, ile Jumamosi, mutoto yangu Régine anaolewa! Miye njo nitamuingiza mu kanisa! Sina bilato ingine, na ile iko na mudomo wazi sawa kiboko!"

Kwa hiyo kazi ikawa moja: kole isikauke mpaka Ijumaa.

"Tuweke mu frigo," Radio akasema.

"Frigo ya nani?" Maman Chadia akashika kiuno. "Yangu iko na samaki ya Kasenga. Unataka bantu bakule samaki, meno ishikane?"

"Tuifukie mu muchanga," nikasema.

"Kole haiko maiti!" Chef akanikatiza.

Docteur alikohoa. "Ni kintu kidogo. Unapanguza mudomo ya kopo, unalaza nailo juu ya kole, unafunga nguvu, unapindua kichwa chini, unaacha mu kivuli. Kisha hauguse."

"Kichwa chini siku ine?" Radio akashangaa. "Si itapata kizunguzungu?"

"Docteur, ngoja kwanza," akasema Chef. "Jambo kama hili inaomba comité."

Dakika kumi hazikupita, tulikuwa nayo. Chef, président. Radio, usalama na habari. Mimi, katibu, kwa kuwa nilikuwa na biki ya kuandikia. Maman Chadia, trésorière.

"Trésorière ya nini? Mali iko wapi?" akauliza.

"Comité bila trésorière, bantu batacheka," Chef akamjibu.

Docteur akafunga kopo vile alivyosema, akalipindua chini ya meza. Lilikaa kwa amani kama nusu saa.

"Tutajua namna gani kama iko muzima?" Chef akauliza. "Tufungue, tuangalie."

Tukafungua. Chef akanusa. Radio akachoma kijiti. Maman Chadia akasema harufu inampa kichwa, kisha akanusa tena. Tukaandika: *Iko muzima.*

"Kila mara munafungua, iko inakauka," Docteur akasema.

"Njo maana tunaichunga!" akajibu Chef.

Tukapanga ukaguzi mara sita kwa siku. Jumanne tuliongeza mara ya saba, kwa ajili ya wajumbe waliochelewa ile ya sita. Jumatano Radio alipima kwa vidole, viwili vikashikana, akatoa habari zote za siku ile mkono juu kama askofu anayebariki. Alhamisi Chef aliamuru kopo likae wazi wakati wa kikao, "ili lisiseme tulilizungumzia nyuma yake."

Ijumaa saa nne Donat alishuka na soli zake mbili. Docteur alifungua kopo, akalipindua juu ya kiatu cha Chef. Hakikutoka kitu. Akaligonga mezani: ko, ko, ko. Kijiti cha Radio kilikuwa kimesimama katikati, wima, kama mlingoti wa bendera.

Hakuna aliyecheka. Chef aliketi polepole, bila kunyoosha koti.

"Mama yake alikufa, Régine akiwa na miaka tano," akasema. "Nilimuambia, siku yako tutatembea shiye babili, miye na weye. Sasa nitamuingiza na sandale?"

Maman Chadia akammiminia kahawa. Radio akaangalia vidole vyake.

Docteur akavuta sanduku, akatoa msumari wa kutobolea, sindano nene na uzi uliopakwa nta. Akaweka kiatu kati ya magoti, akaanza kushona.

"Docteur!" Radio akaruka. "Ulikuwa na sindano tangu lini?"

"Tangu nilianza kazi."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Comité haikunipatia parole niseme."

Saa tisa viatu vilikuwa tayari. Chef alivivaa, akaruka mara tatu, akakanyaga jiwe kwa hasira zote za wiki, soli zikashika. Jumamosi, ile Posho yake, Chef aliingia kanisani na Régine mkononi, viatu vikilia nywii nywii mpaka kwaya ikangoja amalize kutembea. Alilia kutoka mlangoni mpaka mbele, na Docteur, kwenye kiti cha nyuma, hakuangalia uso wake hata mara moja. Aliangalia soli.

Jumatatu tulisoma ripoti. Radio akainua kopo.

"Balituambia tuchunge kole, tulichunga! Haikumwangika, haikuibiwa! Kama kulikuwa muntu anaitaka laini, angeandika!"

Tukapiga makofi na kuiongezea comité miaka mitano.

Wiki iliyofuata makamyo yakapita. Docteur akanunua kopo jipya, na mpaka leo hajamwambia mtu alipolificha. Comité bado inalitafuta, ili ilichunge.