Kigoda cha Jakaranda Kilichomshika Ssenga

Leo aibu imenikuta kwangu mwenyewe, marafiki.

Mnajua siku hizi natengeneza vitu vya resini hapa nyumbani Ntinda. Ile ya chupa mbili: moja resini yenyewe, nyingine dawa ya kuigandisha. Unachanganya, unamimina, inakuwa kama kioo. Juzi nilichukua kigoda cha mbao, nikapanga juu yake maua makavu ya jakaranda, nikamimina. Jamani! Maua yalitulia mle ndani kama yamelala chini ya maji. Mvua inanyesha polepole juu ya mabati, chumba kizima kimegeuka zambarau. Nilikaa nikitazama mpaka nikajiona nimeshaolewa, nina duka langu, na wateja wanaingia wakinong'ona kama wako kanisani.

(Chupa ilisema vipimo viwe sawa kwa sawa. Mimi niliongeza dawa kidogo ili igande haraka. Kidogo ya nusu kikombe.)

Leo asubuhi nikagusa ukingoni. Kavu! Katikati sikugusa, nisije nikaacha alama ya kidole.

Saa tisa mchana mchumba wangu Ronald akaja na Ssenga wake, yaani shangazi, dada ya baba yake. Huyu akisema hapana, hakuna harusi. Gomesi yake ya hariri, lile gauni refu la mshipi, rangi ya chungwa, inang'aa hadi ukutani. Nikapiga magoti kumsalimia kama nilivyofundishwa. (Mimi mtu wa Kisumu. Goti moja liligonga meza.)

"Luganda unajua?"

"Kidogo, Ssenga."

"Basi tuongee Kiswahili. Mimi nalijifunza kwa majilani Wakenya."

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Ronald akatoka nje kupokea simu. Mvuke wa birika ukanipeleka mbali; nilikuwa nachagua rangi ya vitambaa vya harusi niliposikia:

"Nyabo! Kuja hapa!"

Ssenga alikuwa ameacha sofa na kwenda dirishani. Amekaa juu ya kigoda changu.

"Hii maua ni nzuli sana," akasema kwa upole. "Lakini mimi nataka kusimama, yenyewe inakataa."

Akasimama. Kigoda nacho kikasimama.

Nikapiga magoti mara ya pili, safari hii nyuma yake, nikashika miguu ya kigoda na kuvuta. Ronald akaingia wakati huohuo.

"Mnafanya nini?"

Swali gumu! Tulijaribu maji ya moto. Tukajaribu mafuta ya kupikia. Hariri ilizidi kuzama kwenye resini. Mwishowe Ssenga akasema, "Ronald, toka nje." Akafungua mshipi wa kiunoni, akajichomoa kwenye gomesi yake taratibu, akabaki na kikoi cha ndani. Nikamfunga leso yangu. Machozi yakanitoka.

"Nisamehe, Ssenga. Nilizidisha dawa, kumbe ikizidi resini inabaki gundi. Nilitaka igande haraka."

"Halaka ya nini?"

"Nikuonyeshe wewe."

Akaitazama gomesi yake pale kwenye kigoda. Akanitazama mimi. Nikajua harusi imekwisha. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akakaa mkekani akishika mbavu.

"Nitaambia baba ya Ronald," akasema akifuta macho. "Huyu binti, ukikaa kwake hutoki!"

Akanywa vikombe viwili vya chai. Akaondoka na leso yangu, mshipi wa gomesi mkononi, anacheka peke yake hadi getini.

Gomesi ndiyo hiyo bado imekaa dirishani, inatazama mvua kama mgeni asiyejua kuaga.

Asicheke mtu. Anayejua namna ya kubandua hariri kwenye resini aandike hapa chini. Wengine nipeni pole, na mnipe mkiwa mmefunga midomo.