Mahindi ya Balozi na Debe la Jescah

Malinya, Ijumaa

Kwa Baba Paroko Khaemba,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kwa heshima nyingi na hasira kidogo.

Jumapili ulihubiri kwamba mwenye chakula ana deni kwa mwenye njaa, hata akiwa ng'ambo ya bahari, kwa kuwa Mungu hapimi njaa kwa kilomita. Niliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote. Kumbe jirani yangu Jescah, yule mjane mwenye watoto watatu, alinisikia. Kabla sijavua tai, alikuwa langoni na debe tupu, anaomba mahindi. Nilimrudisha, ila nimekosa raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema ng'ambo ya bahari. Jescah yuko ng'ambo ya ua. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumhurumia mtu wa mbali, asiyeweza kubisha hodi.

2. Mahindi aliyoyaomba ni ya Balozi, fahali wangu, anayepigana na fahali mwenzake kesho uwanjani. Njaa ya watoto wale ni ya nyumba moja, lakini fahali akishindwa, aibu ni ya Malinya nzima.

3. Msaada huharibu mtu. Tangu nianze kumpa Balozi mayai, nyasi hataki hata kuzinusa. Watoto wa Jescah nawapenda, sitaki waharibike hivyo.

4. Kama umbali si kitu, basi Ulaya kuna watu wenye magari matano. Mimi nina mawili, na moja halina redio. Mbele yao mimi ni maskini wa dunia. Mbona hawajaniletea debe langu? Tafadhali waandikie. Wakishanisaidia, nitamfikiria Jescah.

Kwa hivyo naomba Jumapili uyarekebishe mahubiri, useme maskini ni wale wa mbali tu, na hata hao wasije bila miadi.

Wasalimie masista, katekista, wanakwaya wote, na mpishi wako Alice, ambaye chapati zake sijazisahau.

Mimi muumini wako mwenye kuudhika,
Andati Wanzala

Tanbihi: Barua hii haikuondoka jana, na leo ni Jumamosi jioni. Balozi alimtazama mpinzani wake mara moja, akageuka, akatoka mbio. Wapiga ngoma za isukuti walimfuata wakiimba, wakidhani ni mbwembwe. Tulimkuta nyuma ya jiko la Jescah, anakula maganda ya viazi aliyowekewa. Nilikwenda kumchukua kwa ukali. Jescah akanipa pole, akanivutia kiti, akanimiminia uji. Nilikuwa na njaa, nikanywa wote. Niliporudisha kikombe ndipo nikaona watoto watatu wamesimama mlangoni, wanakitazama. Sufuria ilikuwa tupu. Padre, nimeona haya.

Usirekebishe kitu. Debe lake nimelijaza mahindi ya Balozi, ambaye sasa amestaafu. Jescah akirudi tena, atanikuta nyumbani.

Ila wale wa Ulaya waandikie tu.