Kijani Kutoka Juu Hadi Chini

Jumatatu, 8 Julai

Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini na soksi za kukamuliwa. Ojas alikuwa amekwisha kaa mezani kwake, mkavu kama papadi iliyotoka kikaangoni. Anafanyaje? Pune nzima imelowa, yeye nywele zimechanwa.

Dada Vrushali, mkuu wetu, ametuita sote wawili. Anahitaji mtu mmoja kwenye kazi ya kumbukumbu, yaani ile sehemu ya kiini cha mfumo endeshi inayogawia programu nafasi ya kukaa ndani ya kompyuta. Atakayeandika jaribio la kuipima sehemu hiyo, likakubaliwa na wasimamizi kufikia Ijumaa, kazi ni yake. Mwingine atabaki na printa.

Printa! Nimeishi nazo miaka miwili. Nazitambua kwa kikohozi.

Jaribio langu ni hili. Kundi la programu huwekewa kikomo cha kumbukumbu. Likikivuka, kiini huua mojawapo. Basi naandika programu mlafi, naiweka kundini, naiacha ijilie. Ikifa, kijani: jaribio limepita. Ikinusurika, nyekundu. Kuandika kitu ili kife tu! Nimelifikiria jambo hili kuliko inavyofaa, hadi mama akauliza chakula kina kasoro gani.

Jumanne, 9 Julai

Nyekundu. Mlafi amekula, amevuka kikomo, yu hai.

Nimelirudia jaribio. Yu hai na anaendelea kula.

Hoja yangu: kiini kimeandikwa na watu wenye akili kunizidi, na dunia nzima inakitumia. Kwa hiyo kosa ni langu. Sioni tundu katika hoja hii.

Lakini ni kosa gani? Nimelizunguka swali hadi poha, wali wangu wa asubuhi, ikapoa. Nikimweka mlafi katika kundi la kawaida, anakufa bila ubishi. Nikimweka katika kundi dogo lililo ndani ya kundi kubwa lenye kikomo, haguswi. Kama mtoto aliyekimbilia kwa bibi yake. Inavutia mno! Nimechora duara ndani ya duara kwenye ukungu wa dirisha, nikalitazama. Ojas akauliza kama nachora bakuli. Nikasema ndiyo. Sikutaka ajue chochote.

Jumatano, 10 Julai

Ufumbuzi! Mstari mmoja tu. Jaribio likikuta kundi ndani ya kundi, liruke, lisipime. Kilichorukwa hakihesabiwi kuwa kimeshindwa. Nimeendesha. Kijani kutoka juu hadi chini. Uzuri wake!

Limebaki la ukaguzi. Kwetu kila jaribio hutumwa kwa barua pepe mbele ya dunia nzima, na lazima mtu mwingine aandike chini yake kwamba amelikagua. Bila hilo, Bwana Lehtonen wa mji wa Tampere, anayelinda lango la kumbukumbu, hageuzi hata shingo. Na aliye na nafasi ya kukagua ni nani? Ojas peke yake. Adui.

Nikamkumbuka mama. Jirani akileta vitamu vya ladu, mama harudishi bakuli tupu hata kama nyumbani hakuna kitu. Ataweka hata sukari. Kila mtu Pune amelelewa hivyo, Ojas pia. Basi nitangulize bakuli langu! Nimeandika chini ya jaribio lake: "Nimelikagua. Ni safi kabisa."

Sikulisoma. Nilisoma kichwa chake. Kichwa kilikuwa kizuri.

Alhamisi, 11 Julai

Bwana Lehtonen amenijibu. Mbele ya dunia nzima.

"Mukta, jaribio hili linathibitisha kwamba moja ni sawa na moja. Ulikagua nini?"

Ojas alituma faili kimakosa, lile tupu la kuanzia kazi. Ameomba radhi, akatuma lililo sahihi, watu wakacheka naye. Mimi sikuchekwa. Mimi niliulizwa swali. Dada Vrushali amepita nyuma yangu, akaniwekea kitafunio cha bakarwadi mezani, akaenda zake. Afadhali angefoka.

Je, watu wa Tampere hukunja uso wanapoandika, au huandika wametulia? Ningependa sana kujua.

Na bakuli langu halijarudi! Ojas analisoma jaribio langu. Analisoma! Kutwa nzima, na chai mkononi. Jioni amesogeza kiti.

"Mukta, huu mstari wa kuruka ni wa nini?"

Nikamwambia ni wa usalama.

"Usalama wa nani?"

Wa jaribio, nikasema.

"Nikiutoa?"

"Usiutoe."

"Haya, dada," akasema. "Ngoja niutoe."

Ijumaa, 12 Julai

Bakuli limerudi. Limejaa.

Ojas aliutoa mstari, akaona nyekundu, na badala ya kujilaumu, au walau kunilaumu mimi, akakilaumu kiini! Na ni kweli. Kundi dogo likiwa ndani ya kubwa, kiini husahau kikomo cha lile kubwa. Kosa halisi, limekaa humo likinenepa, hakuna aliyeliona. Ametuma jaribio langu bila ule mstari, pamoja na dawa ya kosa lenyewe. Bwana Lehtonen amejibu kwa aya kadhaa. Sikujua anazo. Amemshukuru Ojas kwa jicho lake makini. Mimi nimetajwa mwishoni: aliyeandika toleo la kwanza.

Kazi ya kumbukumbu ni ya Ojas.

Alikuja mwenyewe kuniambia. Hakuringa, jambo lililoniudhi zaidi. "Ulikuwa nalo mkononi tangu Jumanne," akasema. "Ukalifunika kwa kitambaa."

Nikamjibu kwamba nilidhani kosa ni langu.

"Si ungeuliza, hata kwa kunitukana?"

Nimerudi nyumbani kwa skuta, mvua usoni, nikijichunguza kwa dhati. Nilikosea wapi? Nimepata jibu karibu na daraja. Mstari wa kuruka niliuweka juu mno. Kila mtu aliuona. Ulipaswa kukaa chini kabisa, mahali msomaji alipokwisha choka.

Jumatatu, 15 Julai

Printa. Jaribio jipya, na limepita mara ya kwanza! Kijani kutoka juu hadi chini, na mstari wa kuruka uko chini, umetulia. Nimelituma. Kisha nikaandika chini ya jaribio jipya la Ojas kwamba nimelikagua na ni safi kabisa. Safari hii atarudisha bakuli vizuri, najua.

Wakati wa chai nimeona waya wa printa uko sakafuni. Haikuwa imechomekwa asubuhi nzima.

Inavutia. Nimeuacha ulipo.