Muntu wa Benchi

Jumapili, tarehe 7 mwezi wa sita. Karuba.
Baada ya misa nimemtuma shangazi Mukasine kwa Papa Grégoire, amwambie kwamba mimi Symphorien nataka kumuoa binti yake Adelaïde. Adelaïde mwenyewe alishakubali tangu mavuno ya maharage. Shangazi amerudi na jibu fupi: "Symphorien iko muntu wa benchi. Binti yangu ataolewa na muntu wa kiti." Nimekosa hamu ya kula. Foufou nimeimaliza hata hivyo.

Jumatatu, tarehe 8.
Nimefikiri mchana kutwa nikipalilia: benchi gani? Benchi iko ya kanisa, ya dispensari, ya mpira. Ni ya mpira. Msimu mzima nimekaa benchi huku Zéphyrin akicheza mbele. Tena huyo Zéphyrin anamwangalia Adelaïde kwa tamaa. Nimemwambia mechi yetu ya Jumatano imehamia Mushaki.

Jumatano, tarehe 10.
Zéphyrin ameenda Mushaki kwa miguu. Nimeingia badala yake, Papa Grégoire akitazama. Nimefunga bao safi la kichwa. Kwenye goli letu. Kipa wetu amenipongeza kabla ya kukumbuka.

Alhamisi, tarehe 11.
Nilikosea. Ni benchi ya shule, ile niliyoikimbia mapema. Nimejiandikisha kwa Mama Thacienne, anayefundisha watu wazima. Benchi zake ni za watoto. Magoti yamefika masikioni, na kunyanyuka imebidi nivutwe.

Ijumaa, tarehe 12.
Benchi basi. Sasa kiti. Mbunge ana kiti, chefu wa kijiji ana kiti, presida wa kikundi ana kiti. Nimeenda kwa kikundi cha wafugaji kuomba kiti cha presida. Wameuliza ng'ombe zangu ni ngapi. Sina ng'ombe. Wakasema kwa wenye kuku pengine nafasi iko. Kuku pia sina.

Jumamosi, tarehe 13.
Nimebakiwa na maana moja, ya kukalia. Nimebeba fotey ya shangazi, kile kiti kikubwa chenye mikono, kichwani, nikapanda nayo kilima kwenye mvua, nikaitua uani kwa Papa Grégoire. Akatoka.
"Symphorien, hii iko nini?"
"Njo kiti, Papa."
Ameiangalia, akaniangalia mimi.
"Mwaka muzima unakuya hapa, unaikala ku benchi ya inje, unamungojea Adelaïde, unaenda. Haujaingia hata siku moja kunisalimia. Unatuma shangazi. Njo maana nilisema muntu wa benchi. Ingia, kamata kiti, useme wewe mwenyewe."
Nimeingia. Nimesema. Maji yalinidondoka kwenye sakafu yao. Nyuma ya pazia nilimsikia Adelaïde akijizuia kucheka. Papa Grégoire akamwita mama wa Adelaïde alete maziwa. Amekubali! Nimeteremka kilima nikiimba, fotey kichwani, nikamsalimia hata Zéphyrin. Akanionyesha malengelenge ya Mushaki.

Jumapili, tarehe 14.
Papa Grégoire ametuma neno: kabla ya mahari, familia zote mbili ziweke maneno ku meza. Nimelifikiria wakati wote wa mahubiri. Shangazi anasema maana yake ni kuzungumza tu. Shangazi hajui mambo ya wakubwa. Kutoka kanisani nimepitia kwa seremala Marcellin, nikaagiza meza ndefu ya mbao nzito. Nimemsisitizia miguu iwe imara, maana maneno yatakuwa mengi.