Dakika Tano za Ukumbi Mkubwa

Jumatatu, 2 Juni. Portsmouth.

Nimepanda meli saa saba mchana na mabegi mawili: moja la nguo, jingine la vitabu na slaidi. La pili ndilo zito. Meli si kubwa. Abiria mia mbili na kumi na wawili, karibu wote wastaafu. Kazi yangu, kwa siku nane hadi Lisbon, ni kuwahutubia kuhusu historia ya bandari tutakazozipitia. Silipwi. Napewa chumba, chakula na wasikilizaji, na hilo la tatu ndilo nililolifuata. Tangu chuo kikuu kilipoifunga idara yetu miaka miwili iliyopita, nimekuwa nikimhutubia paka wangu. Hata yeye huondoka.

Nikakuta kwamba wahadhiri tuko wawili. Mwenzangu ni Desmond Pargeter, nahodha mstaafu wa tagi za kuvutia meli kule Mto Mersey. Shahada hana. Ndevu anazo. Amepangiwa ukumbi mkubwa, saa nne asubuhi. Mimi nimepangiwa maktaba, saa nane na robo mchana, wakati ambao Mwingereza aliyekwisha kula hahesabiki tena miongoni mwa walio macho.

Nilikwenda kulalamika kwa Morag Gilfillan, Mskochi anayesimamia burudani za meli. Alinieleza kwa upole kwamba abiria hujaza kadi za alama, moja hadi tano, na kwamba safari ya Septemba ina nafasi ya mhadhiri mmoja tu. Nisiwe na wasiwasi, akasema, hii ni burudani tu, Daktari.

Burudani. Nimelitafakari neno hilo hadi tulipokipita Kisiwa cha Wight.

Jumanne, 3 Juni. Honfleur.

Nilihudhuria mhadhara wa Pargeter kwa nia njema ya kitaaluma, yaani kumwaibisha. Alikuwa akieleza kanisa la mbao la hapa Honfleur, pwani ya Ufaransa, lenye dari kama meli iliyopinduliwa. Kwa mujibu wake, mafundi walikuwa wamelewa wakalijenga juu chini. Watu walicheka hadi kushika mbavu.

Nikanyoosha mkono. Swali langu lilikuwa na sehemu nne. Nilieleza upungufu wa mawe baada ya vita virefu na Uingereza, ujuzi wa waunda meli, na tarehe zinazobishaniwa, kisha nikamwomba ataje chanzo chake. Pargeter akafikiri. Akasema chanzo chake ni mzee mmoja wa baa ya hapo hapo bandarini, mwaka sabini na tisa, na kwamba mzee huyo alikuwa amelewa vilevile, kwa hiyo aliwaelewa mafundi kutoka moyoni. Ukumbi ukapiga makofi. Akaongeza kuwa wote tumshukuru Daktari Thackray kwa swali zuri, hasa sehemu ya tatu, ambapo yeye binafsi alilala.

Mchana nilitoa mhadhara wangu kuhusu Saint-Malo. Morag alikuwa ameupanga wakati meli imefunga gati na abiria wote wako mjini wanakula kome kwa siagi. Walikuja watatu. Mmoja alikuwa ameteguka mguu, wa pili ni mumewe, wa tatu ni Bi. Enid Clegg, mjane wa Rochdale, aliyekuja na sweta analolifuma kwa sababu maktaba ina taa nzuri. Baadaye aliniambia kwamba amejifunza mengi. Nilipomuuliza yapi, akasema, "Mengi tu, mwalimu, mpenzi. Usinitie kwenye mtihani."

Jumatano, 4 Juni. Nje ya Saint-Malo.

Upepo. Boti ndogo za kuwapeleka abiria nchi kavu haziwezi kushushwa. Nahodha ameufuta mji mzima kwa tangazo la nusu dakika, nami niliutayarisha kwa miezi minne.

Lakini lililonichoma ni hili: saa nne asubuhi Pargeter alihutubia kuhusu Bordeaux. Tayari. Kwa picha. Jana usiku alikuwa ameutazama mwezi, akauona umezungukwa na duara la upepo, akajua kwamba Saint-Malo hatutashuka, na hakuniambia. Nilipomkabili alisema aliniambia, wakati wa chakula, nami nikamjibu kwamba mwezi si chanzo. Huenda nilisema hivyo. Ni kauli ambayo ningeweza kuisema, maana ni sahihi.

Alhamisi, 5 Juni. Baharini.

Nimebuni mkakati. Abiria hawa wana jambo moja wasiloliahirisha kwa hali yoyote, nalo ni chai ya alasiri. Nilizungumza na msimamizi wa mgahawa, nikamshawishi kwamba mkokoteni wa chai, pamoja na keki za limau, uingie maktabani saa nane na nusu badala ya kwenda sitahani.

Walikuja arobaini na mmoja. Viti vilikwisha. Nilianza na biashara ya mvinyo ya karne ya kumi na tatu, sauti yangu ikitetemeka kidogo, nakiri, kwa furaha. Saa nane na dakika hamsini keki zilikwisha. Saa nane na dakika hamsini na mbili walibaki tisa, wawili kati yao wakikoroma.

Wale waliobaki sitahani bila chai walipeleka malalamiko kwa Morag. Akaniita. Alisema ana miaka kumi na minane baharini, ameona meli ikigonga gati na bibi harusi akikimbia na mpishi, lakini hajawahi kuona mtu akiteka chai. Nilimjibu kwamba takwimu za mahudhurio zinajieleza zenyewe. Akasema ndiyo, na zinanieleza na mimi pia.

Ijumaa, 6 Juni. Bordeaux.

Naandika nikiwa hotelini. Hilo peke yake lieleweke kuwa si kosa la mtu mmoja.

Niliandaa matembezi ya bure mjini, na abiria sita walijiandikisha, akiwamo Bi. Clegg. Ratiba iliyochapishwa ilisema wote tuwe melini saa kumi na moja jioni. Pale penye ngazi ya kushukia, hata hivyo, kulikuwa na ubao umeandikwa kwa chaki: saa tisa na nusu. Na kando ya ubao alisimama nani? Pargeter, chaki mkononi, akiwaambia watu, "Rudini mapema, wapenzi. Mvua zimeujaza mto, rubani wa bandari anataka tushuke nao. Maji yakigeuka hapa hatutoki."

Niliichambua hali ile kwa utulivu. Kwanza, chanzo ni kimoja. Pili, chanzo chenyewe kina maslahi, kwa kuwa kinashindana nami na kingefaidika matembezi yangu yakifupishwa kwa saa moja na nusu. Tatu, hati iliyochapishwa inakipinga. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingesita. Niliwaambia watu wangu kwamba ubao ule ni maoni ya Kapteni Pargeter. Bi. Clegg akauliza kama maoni hayo yana uzito wowote, maana mwenye maoni ameendesha vyombo miaka arobaini. Nikasema uzoefu si ushahidi.

Matembezi yalikwenda vizuri kuliko chochote nilichofanya tangu idara ifungwe. Niliwaonyesha nyuso zilizochongwa kwenye mawe juu ya madirisha ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Miungu ya bahari, walevi, wanawake wenye zabibu nyweleni. Kisha, kati yao, nyuso za Waafrika. Nikaeleza sukari ilitoka wapi, ililimwa na nani, na nyumba hizi zilijengwa kwa mauzo ya watu gani. Bi. Clegg aliishusha sindano yake ya kufumia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekula sukari miaka sabini na minane na hakuna aliyewahi kumwambia hivi akiwa amesimama mbele ya uso wa mtu.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Lakini mtu anaposikilizwa baada ya miaka miwili hasimami. Niliongeza mtaa mmoja. Kisha mwingine.

Tulifika gatini saa kumi kasoro dakika ishirini. Palikuwa na maji matupu. Chini kule daraja la kuinuka lilikuwa likishuka taratibu, na nyuma yake meli yetu, ndogo kama mkate.

Wakala wa bandari alikuwa akitungoja na bahasha ya pasipoti zetu. Juu ya yangu palibandikwa karatasi: Pargeter alikuwa amemwomba rubani dakika kumi za ziada, akapewa saba, ananipa pole. Dakika saba! Mtu huyu hakosi nafasi ya kujionyesha mwema.

Jumamosi, 7 Juni. Njiani kwenda Bilbao.

Basi la kukodi, kwa gharama ya bima yangu, kuiwahi meli katika bandari inayofuata. Abiria sita, milango imefungwa, safari ya muda wa saa nne na nusu. Sikuipanga hali hii, lakini sikuona sababu ya kuipoteza. Nilihutubia kuhusu Gaskonia, jimbo tulilokuwa tukilipita, kisha kuhusu chumvi, kisha kuhusu nyangumi na Wabaski waliowawinda.

Karibu na mpaka Bi. Clegg aliniomba samahani kwa kunikatiza. Alisema amezaa watoto watatu, mmoja wao akitanguliza miguu, na hakuna aliyechukua muda mrefu hivi. Wengine wakacheka, nami nikacheka pia, kwa adabu, kisha nikaendelea na nyangumi.

Sina hakika kama waliufurahia mhadhara. Lakini hakuna aliyetoka.

Jumapili, 8 Juni. Baharini.

Morag aliniita ofisini mwake. Nilijiandaa kwa hoja tisa. Sikupewa nafasi hata ya moja.

Alisema Pargeter amejiondoa katika safari ya Septemba kwa sababu atafanyiwa upasuaji wa goti. Nafasi iko wazi. Makao makuu hawataki hata kulisikia jina langu, lakini Pargeter amewapigia simu kunitetea. Amewaambia kwamba watu sita walionifuata Bordeaux hawaachi kuzisimulia zile nyuso za mawe, na kwamba mwanamke huyu, yaani mimi, anajua kitu, tatizo ni kumzima.

Kwa hiyo sharti ni moja. Jumanne asubuhi, Lisbon, abiria wote watakusanyika ukumbi mkubwa kusubiri mabasi yao. Nipande jukwaani. Dakika tano. Niwaombe radhi kwa chai na kwa Bordeaux. Nikifanya hivyo, Septemba ni yangu.

Pargeter alinikuta nje kwenye baraza. "Daktari wangu," akasema, "sema samahani, sema asante, shuka. Hata tagi huijua kazi hiyo: vuta, achia, ondoka."

Bi. Clegg naye alikuja mlangoni kwangu na kikombe cha chai. Alisema nisijaribu kulieleza jambo. Neno moja tu, mpenzi. Watu wanataka kulisikia neno lenyewe, basi.

Nimeguswa. Kweli nimeguswa. Nimeanza rasimu.

Jumanne, 10 Juni. Lisbon.

Ukumbi mkubwa. Saa nne asubuhi. Watu mia mbili na kumi na wawili, wote wameketi, wote macho, vibandiko vya rangi kwenye mizigo yao. Sijapata kuwa na wasikilizaji wengi hivyo maishani.

Nilikusudia kuomba radhi. Hilo nataka liandikwe. Lakini radhi isiyo na muktadha ni adabu tupu, na nilihisi kuwa watu hawa, niliowakosea, walistahili kuelewa kwa ukamilifu walikosewa vipi. Kwa hiyo nilianza na tabia ya maji katika mlango wa Mto Gironde, njia ya meli kutoka Bordeaux. Slaidi sita. Kisha nikagusia, kwa ufupi, uaminifu wa hati zilizochapishwa ukilinganishwa na ule wa maandishi ya chaki. Kisha desturi ya chai, asili yake, na kama kweli inaweza kutekwa.

Dakika ya tano Morag alinipungia mkono. Dakika ya kumi na mbili watu wa vibandiko vya njano waliitwa kwenda kwenye basi lao, nami nikapaza sauti ili wasinikose hadi mlangoni. Wa kijani wakafuata. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba ndege yake inaondoka saa saba. Nilimwahidi kwamba sehemu inayomhusu inakuja. Mstari wa mbele Pargeter aliufunika uso wake kwa kofia. Bi. Clegg alikuwa akitamka jambo bila sauti, neno moja, tena na tena. Nikadhani ananitia moyo.

Slaidi ya kumi na nane kipaza sauti kilizimwa. Neno samahani lilikuwa kwenye slaidi ya kumi na tisa.

Morag hakugomba. Alinipa mkono, akasema ananitakia kila la heri nchi kavu.

Jumatano, 11 Juni. Lisbon, uwanja wa ndege.

Nimelala vibaya, nikijaribu kujihukumu kwa haki. Nakiri kwamba huenda kosa ni langu. Nimelipima kutoka pande zote, na kila upande unanirudisha mahali pamoja: tatizo la jana lilikuwa muda. Huwezi kumwita mtaalamu ayaeleze majuto kwa dakika tano, kisha ukashangaa kwamba hakuyamaliza. Ni dharau kwa majuto yenyewe.

Asubuhi hii nimeiandikia kampuni nyingine ya meli, inayopita bandari hizihizi mwezi Oktoba. Nimewapendekezea mfululizo mpya kabisa, ambao naamini hakuna mhadhiri aliyewahi kuutoa baharini: historia ya kuomba radhi katika miji ya pwani ya Ulaya magharibi. Sehemu sita. Nimesisitiza kwamba kila sehemu ipewe saa nzima, na milango ifungwe.