Visanduku Viwili na Fainali ya Kaylin

Jumatatu, 3 Machi
Klabu imepata visanduku viwili. Kimoja kitakaa hapa ukumbini kurusha picha ya mchezo wa mawe kwenye barafu. Cha pili kiko nyumba ya wazee, kinaipokea na kuitia kwenye runinga. Mke wangu Verna yuko huko, nyonga imevunjika. Jumamosi mjukuu wetu Kaylin anacheza fainali. Verna kasema akiikosa hataki kuniona.
Kazi kapewa Garnet, eti kwa sababu alikuwa fundi simu. Kabandika mlangoni karatasi yenye namba ya kila mashine kwenye mtandao. Akaniambia, Elmer, mzee mwenzangu, tengeneza barafu, haya mengine yaache. Mimi! Miaka arobaini na moja natengeneza barafu hapa. Nikamwambia waya ni waya tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefika kabla ya Garnet. Nikakuta kisanduku kimepangwa kijichagulie namba chenyewe. Sipendi kitu kinachojichagulia. Nikasoma karatasi polepole, herufi za Garnet kama kuku kakanyaga. Mashine yangu ya barafu ni 41. Haijawahi kuharibika. Basi 41 ni namba nzuri, imeshajaribiwa. Nikakipa kisanduku 41.
Verna kapiga simu. Kaona fagio na makalio yangu, vyote safi kabisa. Kazi ya dakika kumi.

Jumatano, 5 Machi
Verna anasema picha inakuja na kupotea. Nikamwambia ni runinga yao. Akasema runinga yao haina shida, shida aliolewa nayo.

Alhamisi, 6 Machi
Barafu laini. Nimelaumu hali ya hewa. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, lakini hakuna aliyebisha.

Ijumaa, 7 Machi
Maji. Kaylin kaja mazoezini, jiwe lake likasimama katikati kama ng'ombe kwenye tope. Garnet kaniuliza nani kagusa namba. Nikasema huenda ni panya. Akasema panya huyo anavaa miwani. Kumbe mashine mbili zikiwa na namba moja, zinagombana kama walevi wawili kwenye mlango mmoja. Mashine ya barafu ikashindwa kusoma joto, ikajizima.
Garnet karekebisha kwa dakika mbili. Mimi nikagandisha upya hadi jioni. Kazi ngumu nimefanya mimi, iandikwe.

Jumamosi, 8 Machi
Barafu kama kioo. Picha pia nzuri, nakubali. Verna kasema anamwona Kaylin mpaka kifungo cha koti.
Raundi ya mwisho, jiwe la mwisho. Garnet kaenda chooni. Nikaona kwenye mipangilio uzito wa picha kauweka kwenye nne tu, na unafika ishirini. Ubahili gani huo? Mke wangu anastahili ishirini. Nikaweka ishirini. Laini ya mtandao ya kijiji chetu ni nyembamba kama uzi, picha nzito haipiti, ndivyo Garnet alivyonifokea baadaye. Angeandika kwenye karatasi.
Verna kapiga simu. Elmer, anasema, jiwe la mtoto limeganda katikati ya njia, na yeye kaganda mdomo wazi. Nikamwambia asubiri. Kasubiri. Mwisho akauliza, nani ananunua vinywaji? Hapa aliyeshinda ndiye humnunulia aliyeshindwa. Nikamwambia, Kaylin. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akasema, kesho usije.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda. Nesi kasema Bi Verna kalala. Nimemsikia akicheka humo ndani, na Garnet pia yumo, kamletea fainali nzima kwenye kompyuta.
Nikaketi sebuleni kungoja. Chini ya runinga kisanduku cha kupokea kinawaka taa, hakuna mtu karibu. Garnet kakipangia kingoje kidogo kabla ya kuonyesha picha, eti isikatike. Kingoje nini, na mimi nimeshangoja vya kutosha? Nimeweka sifuri. Verna akitoka, atakuta nimemtengenezea.