Pakiti Mbili za Bwana Mizizi

Tu, tu, tu. Hata jogoo hajawika, kinu kidogo kilikuwa kinalia chumbani kwa Bwana Mizizi. Alikuwa anatwanga mizizi ya mlimani. Yaani vidonge vya nguvu za kiume vya duka la dawa, akivichanganya na mdalasini vinukie kikale. Jana alisikia kuwa fundi saa, mgane wa miaka mingi, ameoa. Penye harusi ya mzee, tapeli hakosi riziki.

Mfuko wa kulia wa koti alitia pakiti ya kuuza. Wa kushoto alitia mdalasini mtupu, wa kuonja mbele ya wateja. Yeye mwenyewe ana presha, na siku aliyojaribu bidhaa yake juu ya vidonge vyake vya presha, alizindukia sakafuni.

Mvua ilimnyeshea njiani kwenda kwa fundi saa. Mke wa fundi saa, mama mtu mzima, alimpa taulo na chai.

"Utaugua, mwanangu. Lete koti nilianike jikoni."

Mama alipotoka nalo, fundi saa alinong'ona, "Mie nina presha. Na kifua kikibana, kuna kidonge naweka chini ya ulimi."

"Mzee wangu, mizizi na hospitali hawajuani. Mimi pia nina presha, naila kila siku."

"Basi onja nione."

"Koti likija tu."

Koti likaja, limekauka, limekunjwa vizuri. "Vipakiti vyako vililowa," mama alisema. "Nimevifunga karatasi mpya, nikaviweka pamoja visikupotee."

Bwana Mizizi alivinusa. Vyote vilinukia mdalasini. Hakujua tena kipi cha kuuza, kipi cha kuonja.

"Mbona huonji?"

"Chai imenijaza, mzee."

"Basi natangulia mimi." Fundi saa akafungua kimoja, akakimimina kijikoni, akakipeleka mdomoni.

Bwana Mizizi alimdaka mkono. "Usile, baba. Ni vidonge vya duka la dawa. Vinalegeza mishipa, na dawa ya presha nayo inalegeza, presha inaporomoka. Na hicho chako cha chini ya ulimi ndicho kibaya zaidi. Huamki."

Mama alivichukua vipakiti vyote, akavimwaga chooni, akarudi.

"Kesho tutamuuliza daktari," alimwambia mumewe. "Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na kidonge."

Bwana Mizizi alimchungulia mama usoni akitafuta hila. Hakuona ila huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Mama akamwongezea chai, akamvalisha koti, akamfunga vifungo kama mtoto.

"Uje tena, mwanangu," alisema mlangoni. "Ila uje na mifuko mitupu."